Kona moja imenigomea: "Hupanda bila ngazi, hushuka bila kuanguka" (herufi 4). Naomba msaada

#1 Penseli Butu
Wadau, salama? Nina kitabu cha chemshabongo nilichokipata mkono wa pili, na kurasa za mwisho zenye majibu zimechanwa. Nimemaliza 36 bila kumwomba mtu herufi hata moja. Hii ya 37 ina siku nne inanikalia kooni. Jedwali zima limejaa isipokuwa kona ya chini kushoto, na kona yenyewe ni maneno matatu tu:

14 Kulia: Hupanda bila ngazi, hushuka bila kuanguka (4)
14 Chini: Jua nayo, hewa nayo (4)
15 Chini: Mwenye mawazo huishika (4)

Nilicho nacho mkononi ni hiki. O, herufi ya pili ya 14 Kulia, inatoka kwenye 6 Chini, MWANZO. Mistari miwili chini yake kuna 19 Kulia, "Vazi jeusi la barabara", nimeweka LAMI. L ya LAMI inaangukia herufi ya tatu ya 14 Chini, M yake inaangukia ya tatu ya 15 Chini. Kisanduku cha mwisho cha 14 Kulia hakikatwi na neno lolote. Picha ni hii:

14 Kulia: ? O ? ?
14 Chini: ? ? L ?
15 Chini: ? ? M ?

Herufi ya kwanza ya 14 Kulia ndiyo inayoanza 14 Chini, na ya tatu ndiyo inayoanza 15 Chini. Msinifariji, nipeni herufi.

#2 Bila Kifutio
BEI. Mbona rahisi.

#3 Mama Vimraba
Bei ina herufi tatu, mwanangu. Visanduku ni vinne.

#4 Bila Kifutio
Basi imepanda, imekuwa BEII.

#5 Herufi Moja
HOMA. Inapanda, inashuka, ngazi haina. 14 Chini ni HALI: hali ya jua, hali ya hewa. Kazi imekwisha, fungua ya 38.

#6 Penseli Butu
Herufi Moja, hiyo HOMA niliiweka siku ya kwanza. Sasa 15 Chini inaanza na M: M ? M ?. Niandike nini?

#7 Herufi Moja
MAMA. Mtoto akiwa na mawazo humshika mama.

#8 Mwalimu wa Ngeli
Umejifunga mwenyewe, Herufi Moja. Umeandika "humshika", na kidokezo kinasema "huishika". Hiyo "i" ya katikati ni ya mtendwa. Mama ni mtu, huwezi "kuishika mama". Tunatafuta kitu cha i-zi kikiwa kimoja, au kitu cha u-i kikiwa vingi, kama vile mikono.

Niseme jambo moja ambalo wanaojaza za Kiingereza huwa hawalioni. Kwa Kiswahili mtunzi ana adui ndani ya nyumba: viambishi. Akiandika "kilichopotea" amekwishakupa ki-vi bure. Akiandika "limevunjika" umeshaondoa nusu ya kamusi. Ndiyo maana watunzi wajanja hukimbilia "hu-". Tazama 14 Kulia: "hupanda", "hushuka". Hu- haina mwenyewe. Mtu hupanda, maji hupanda, mambo hupanda. Hapo mtunzi kajificha vizuri. Kwenye 15 Chini kateleza, kaacha "i" nje kama mkia.

#9 Kiwiko Mezani
Asante Mwalimu, umenirahisishia. 15 Chini ni TAMA. Mwenye mawazo hushika tama, kiganja shavuni, kiwiko mezani, hata jina langu linasema hivyo. TAMA ina M nafasi ya tatu, LAMI imefurahi. Kwa hiyo 14 Kulia ni ? O T ?, yaani JOTO. Hupanda, hushuka.

#10 Penseli Butu
Nimeijaribu sasa hivi. 14 Chini inakuwa J ? L ?. Jua jela, hewa jela?

#11 Kiwiko Mezani
JALI. Jali jua, jali hewa.

#12 Herufi Moja
Hahaha! Mtunzi kageuka bwana mazingira.

#13 Mwalimu wa Ngeli
JALI ni kitenzi cha kuamuru. "Nayo" inasimama badala ya kitu. Hakuna kitu kinachoitwa jali. TAMA naiunga mkono kwa mikono miwili, JALI siiungi hata kwa kidole.

#14 Bi Mraba
Mnapigana bure. Anzieni pembeni halafu mrudi kati. KODI, KALI, DAMA.

Kodi hupanda na hushuka bila ngazi. Jua kali, hewa kali, kila siku tunasema. Dama ni mchezo wa kete kama drafti. Anayeushika ni mtu mwenye mawazo, maana mvivu wa kufikiri haketi hapo. D inaingia, M ya LAMI inaingia, L ya LAMI inaingia. Vyote vitatu ni vya kamusi, hakuna neno lililovutwa nywele.

#15 Bila Kifutio
Bi Mraba, kodi ikipanda nimeiona kwa macho yangu. Ikishuka ndiyo naisubiri. Hiyo siyo chemshabongo, ni hadithi za sungura.

#16 Bi Mraba
Kidokezo hakikusema imeshuka lini.

#17 Kiwiko Mezani
Na mwenye mawazo "hucheza" dama, haishiki. Kushika ni kwa tama. "Shika tama" ni msemo mzima, ukiusikia nusu unaujua wote.

#18 Bi Mraba
Hapo ndipo mnaponaswa. Mtunzi anajua kila mtu atakimbilia "shika tama", ndiyo maana katega. Msemo ulio wazi mno kwenye chemshabongo ngumu mimi huuogopa.

#19 Mwalimu wa Ngeli
Nimerudi kwenye 14 Chini, nataka mtazame "nayo" kwa utulivu. Jua ni li-ya. Kama mtunzi angetaka kusema "jua kali na hewa pia kali", angeandika "jua nalo, hewa nayo". Hakuandika "nalo". Kaandika "nayo" mara mbili. Maana yake "nayo" hairejei jua wala hewa. Inarejea jibu lenyewe: kitu fulani cha i-zi ambacho jua linacho na hewa inacho. Hali ya jua, hali ya hewa. KALI ni sifa, sifa haina "nayo" yake. HALI ni nomino ya i-zi. Kwangu 14 Chini imefungwa.

#20 Herufi Moja
HALI! Nilisema tangu #5. Kwa hiyo HOMA.

#21 Kiwiko Mezani
Mwalimu, HALI inaleta H. H inaleta HOMA. HOMA inaleta M. M inaleta MAMA, na MAMA uliifukuza wewe mwenyewe #8. Huku umeunga mkono TAMA, inayotaka T. Umesimama milango miwili.

#22 Mwalimu wa Ngeli
Najua. Nimeandika nikijua.

#23 Mzee wa Vidokezo
Vijana, mmeshika sarufi mmeacha mchezo. "Jua" ni maneno mawili kwenye ganda moja. Kuna jua la mchana na kuna "jua" ya kuamrishwa: fahamu! "Jua nayo" anaweza kuwa anakwambia: jua hali. Mtu akijulia hali, amefanya hiyo kazi. Watunzi wa Uingereza ndio walioufanya ufundi huu kuwa mchezo rasmi. Wa kwanza kuutumia jedwali zima ni Edward Powys Mathers, aliyetunga kwenye The Observer kuanzia 1926 kwa jina la Torquemada, yule mtesaji wa Hispania. Jina tu linakupa picha ya alivyowapenda wasomaji wake.

#24 Bila Kifutio
Kumbe mateso haya yana asili. Nilisikia chemshabongo zilibuniwa na wapelelezi wa vita ya pili.

#25 Mzee wa Vidokezo
Hapana. Ya kwanza ilitoka tarehe 21 Desemba 1913 kwenye gazeti la New York World. Mtunzi ni Arthur Wynne, na umbo lake lilikuwa kama almasi, katikati kuna tundu, halina miraba myeusi kama tunayoijua leo. Vita haikuwa imeanza hata ile ya kwanza.

#26 Herufi Moja
Wynne alikuwa Mwingereza, kwa hiyo ni mchezo wa Uingereza.

#27 Mzee wa Vidokezo
Alizaliwa Liverpool, gazeti lilikuwa la Marekani. Gawaneni. Hiyo ya wapelelezi inatokana na mambo ya Januari 1942: gazeti la Daily Telegraph lilialika watu kushindana kumaliza chemshabongo ndani ya dakika 12, na baadhi yao wakafuatwa kimyakimya kwenda kuvunja siri za Wajerumani Bletchley Park. Kwa hiyo wapelelezi waliukuta mchezo, hawakuubuni.

#28 Penseli Butu
Wakuu, kona yangu.

#29 Ng'ang'ania
Samahani nimechelewa. Jibu ni MOSHI. Hupanda bila ngazi, kila mtu ameona. Msihesabu herufi, hesabuni sauti: M, O, SH, I. Visanduku vinne. Tatizo lenu ni kuhesabu Kiswahili kwa vidole vya Kizungu. SH ni sauti moja, CH ni sauti moja, NY, DH, TH, GH vilevile. Wazungumzaji wa Kiwelisi hawana aibu na hilo: DD yao inakaa kisanduku kimoja, LL kimoja, CH kimoja. Wajapani ndiyo kabisa, kisanduku kimoja kinabeba silabi nzima. Sisi tunamkata SH vipande viwili kama samaki.

#30 Mama Vimraba
Moshi unashuka?

#31 Ng'ang'ania
Asubuhi ya baridi unashuka.

#32 Kiwiko Mezani
Na 15 Chini inaanza na SH? SHIMO? Mwenye mawazo hushika shimo?

#33 Mwalimu wa Ngeli
Na "shimo" ni li-ya, ingekuwa "hulishika".

#34 Mama Vimraba
Tuache kubishana hewani. Penseli Butu, ndani ya jedwali hilohilo umeshajaza neno lenye SH au CH? Limekaa visanduku vingapi?

#35 Penseli Butu
Lipo. 3 Kulia ni SHERIA, visanduku sita. S kivyake, H kivyake, na ile H inakatwa na neno la chini nililo na uhakika nalo.

#36 Mama Vimraba
Basi mtunzi huyu anaikata SH. MOSHI tumeuzika.

#37 Ng'ang'ania
Mmeuzika ukiwa hai. Na neno kama ng'amua mnaliandikaje? Ile alama ya juu inaenda wapi?

#38 Mama Vimraba
Mimi huitupa. NGAMUA, visanduku sita, msomaji anajua mwenyewe. Mtunzi mmoja niliyemfuata miaka mingi alikuwa anaipa kisanduku chake, kitupu chenye alama tu. Nilimpenda, lakini kila neno lililokatiza pale lilikuwa na alama ya juu katikati pasipo sababu. Akaacha.

#39 Herufi Moja
Jina lako Ng'ang'ania lingemmaliza.

#40 Asiyelala
Naomba kuuliza kabla hatujaenda mbali. Hiyo O mna uhakika nayo? 6 Chini kidokezo chake ni kipi?

#41 Penseli Butu
"Kila hadithi inao" (6).

#42 Asiyelala
Nilijua! Huo ni MWISHO. Umeweka MWANZO kwa kuwa ulikuwa mwanzoni. Mimi niliwahi kuharibu nusu ya jedwali kwa kosa hilohilo, nikaja kugundua baada ya wiki.

#43 Penseli Butu
Herufi ya tatu ni A, inatoka 9 Kulia, RAMANI ("Huonyesha njia bila kutembea"). MWISHO ingetaka I hapo.

#44 Bi Mraba
Na hata ingekuwa MWISHO, herufi ya mwisho bado ni O. M-W-kitu-kitu-kitu-O. Asiyelala, nenda kalale.

#45 Asiyelala
Nimekubali. Ila nina neno: MORI. Mtu hupandwa na mori, mori humshuka. Bila ngazi! M-O-R-I.

#46 Kiwiko Mezani
14 Chini inakuwa M?L?: MALI. Jua mali, hewa mali.

#47 Asiyelala
Kwa anayeuza umeme wa jua, ni kweli.

#48 Herufi Moja
Na 15 Chini R?M?: RIMU. Mwenye mawazo huishika rimu ya karatasi, anataka kuandika kitabu. Nimecheka peke yangu hapa watu wananitazama.

#49 Mwalimu wa Ngeli
Msicheke sana, "huishika rimu" kingeli imesimama. Kuliko MAMA yako.

#50 Mzee wa Vidokezo
Mmeona jambo lingine? LAMI ukizichanganya herufi zake unapata MALI. Na LIMA. Na MILA. Na IMLA. Herufi nne, maneno matano yote mazima. Nimekaa nalo tangu asubuhi, sina la kulifanyia.

#51 Bila Kifutio
Mzee umetusaidia sana.

#52 Mama Vimraba
Acha nieleze kwa nini kona hii inasumbua, maana naona mnadhani ni ugumu wa vidokezo. Nimejaza haya madude kwa miaka mingi na siku zote herufi nne hunisumbua kuliko herufi kumi. Neno refu la Kiswahili lina viungo. Ukiona M mwanzoni na JI mwishoni umeshashika mchezaji, msomaji, mfanyakazi aliyekosea herufi. Neno la herufi nne mara nyingi ni konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Ukibadilisha konsonanti moja unapata neno jingine zima: hali, kali, jali, mali, bali. Tama, dama, mama, nama. Irabu ni tano tu na neno karibu kila mara linaishia na irabu, kwa hiyo hata kisanduku cha mwisho kisichokatwa huoni kama kimekunyima kitu. Lakini kimekunyima! Hapa kingekatwa tu, A, O au I ingeamua kesi nzima ndani ya sekunde moja.

Wamarekani hawakubali hiyo. Kwenye majedwali yao ya kawaida kila kisanduku kinakatwa na maneno mawili. Mtindo wa Uingereza ndio unaoacha herufi nyingi zinaning'inia, kwa kuamini kwamba kidokezo kitabeba mzigo. Mtunzi wa kitabu hiki kafuata Uingereza kwa jedwali, halafu vidokezo vyake havibebi.

#53 Ng'ang'ania
"Nama" ni nini?

#54 Mama Vimraba
Nilikuwa nahesabu kwa mdomo. Ifute.

#55 Herufi Moja
Mfanyakazi anaishia na ZI, siyo JI.

#56 Mama Vimraba
Ndiyo maana nimesema aliyekosea herufi. Soma taratibu, mwanangu.

#57 Wima na Mlalo
Nimesoma uzi wote kimya. Nina wazo ambalo hakuna aliyeligusa. Panga hivi:

HOMA, HALI, MAMA.
JOTO, JALI, TAMA.
KODI, KALI, DAMA.

Seti tatu. Kila seti inakaa kwenye visanduku bila kugongana na LAMI wala MWANZO. Hiyo siyo bahati. Mtunzi kafanya makusudi, kona ina majibu matatu na yote ni sahihi.

#58 Bila Kifutio
Hakuna mtunzi mwenye muda huo.

#59 Wima na Mlalo
Yupo. Mwaka 1992, siku ya uchaguzi wa rais Marekani, New York Times walichapisha chemshabongo ambayo kidokezo kiliuliza habari kubwa ya gazeti la kesho. Ukijaza CLINTON inaingia, ukijaza BOB DOLE inaingia. Zote herufi saba, na maneno yote saba yaliyokatiza yalikuwa na majibu mawili mawili.

#60 Mzee wa Vidokezo
Ni 1996, ndugu. Tarehe 5 Novemba 1996. Mwaka 1992 Clinton alishindana na Bush. Mtunzi alikuwa Jeremiah Farrell na mhariri Will Shortz. Herufi ya kwanza, C au B, ilikatwa na kidokezo cha mnyama mweusi wa Halloween. Kwa Kiingereza paka na popo wanatofautiana herufi hiyo tu. Watu walipiga simu kwa hasira wakidhani gazeti limemtangaza mshindi kabla ya kura kuhesabiwa, wengine wakilalamika kwamba limekosea.

#61 Wima na Mlalo
Asante kwa mwaka. Hoja inabaki.

#62 Mwalimu wa Ngeli
Hoja haibaki. Tofauti ni kwamba kwa Farrell kila kidokezo kilikubali majibu yote mawili bila kulazimishwa. Paka ni mweusi, popo ni mweusi. Kwako wewe JALI inakataa "nayo", MAMA inakataa "i", KODI inakataa...

#63 Bila Kifutio
Kushuka.

#64 Bi Mraba
Kwa hiyo kwa hesabu ya Mwalimu mwenyewe, seti ya HOMA ina kosa la sarufi, seti ya JOTO ina kosa la sarufi, seti yangu ina kosa la kisiasa. Mimi nachukua hilo la kisiasa.

#65 Mwalimu wa Ngeli
KALI nayo ina kosa la sarufi, nimeeleza #19.

#66 Bi Mraba
Umeandika "KALI nayo".

#67 Mwalimu wa Ngeli
Nilikuwa nalirejelea neno. Neno KALI... nalo. Haya, nimekosea.

#68 Herufi Moja
Mchana huu umenilipia uchungu wa wiki nzima.

#69 Kiwiko Mezani
Nina njia ya nne ya kuwapatanisha HALI na TAMA, kwa kuwa zote mbili ndizo nzuri kuliko zote na kila mtu mwaminifu anajua. H na T: 14 Kulia ni H O T ?. HOTI? HOTA? Kuna mtu ana kamusi kubwa?

#70 Mama Vimraba
Ninayo miguuni. Baada ya "hoteli" naona "hotuba". Hakuna cha visanduku vinne kinachopanda.

#71 Kiwiko Mezani
Hotuba hupanda na kushuka lakini.

#72 Ng'ang'ania
Na kali kwa tama? K O T ?. KOTI. Koti hupandaje?

#73 Asiyelala
KOTA ya vitabu vya zamani? KOTO?

#74 Mama Vimraba
Koto ni ndoana ya kuvulia. Inashuka majini bila kuanguka, inapanda na samaki. Bila ngazi!

#75 Bi Mraba
Sasa mnatunga, hamjazi.

#76 Wima na Mlalo
Subirini kidogo. KOTO, KALI, TAMA. Inaingia? K-O-T-O. KALI kwa K. TAMA kwa T. LAMI salama. Mama Vimraba, umelitoa hilo wapi?

#77 Mama Vimraba
Ndani ya kichwa, tangu utoto. Ngoja nitazame kwenye karatasi... Maana zipo zaidi ya moja. Mimi nilitania tu, msinibebeshe.

#78 Mwalimu wa Ngeli
KALI bado siitaki.

#79 Kiwiko Mezani
Mimi kwa ajili ya TAMA naikubali hata koto.

#80 Penseli Butu
Wakuu. Naomba mnisamehe kabla sijasema. Nimefungua kitabu tena kwenye mwanga mzuri, na miwani. 15 Chini haikuandikwa "huishika". Imeandikwa "hushika". Kuna doa la chai... la wino, sijui la nini, kwenye karatasi, nikaliona kama "i".

#81 Mwalimu wa Ngeli
Penseli Butu!

#82 Herufi Moja
MAMA AMERUDI NYUMBANI. HOMA, HALI, MAMA. Naomba msamaha wa maandishi kutoka #8.

#83 Kiwiko Mezani
Na "hushika" ndiyo inafanana zaidi na "hushika tama". Msemo wenyewe hauna "i". Nimeshinda mimi.

#84 Bi Mraba
Na mtu hushika dama pia. Hakuna kilichobadilika ila Mwalimu kupoteza mkia wake.

#85 Mwalimu wa Ngeli
Nilijenga nyumba nzima juu ya doa. Hata hivyo, "mwenye mawazo hushika mama" ni Kiswahili cha wapi? Binadamu hudai "m" hata mtunzi akiwa mvivu. Mama hashikwi hivihivi.

#86 Herufi Moja
Na hu- umesema haina mwenyewe.

#87 Mwalimu wa Ngeli
Hiyo ni hu- ya mtenda. Hapa tunazungumza mtendwa. Usinichanganyie makusudi.

#88 Asiyelala
Penseli Butu, hilo doa halikugusa na 14 Chini kweli? Isije ikawa "jua nalo".

#89 Penseli Butu
Nimetazama. Ni "nayo" mbili. Kwenye 14 Chini karatasi ni safi.

#90 Bila Kifutio
Na wewe umeandika nini kwenye visanduku mpaka sasa?

#91 Penseli Butu
Kwa penseli: kisanduku cha kwanza nina H, J na K zimelaliana. Cha pili O. Cha tatu hakionekani tena, karatasi imeanza kutoboka kwa kufuta. Cha nne nimekiacha.

#92 Mama Vimraba
Kikitoboka kabisa utasema ni kisanduku cheusi, kesi imekwisha.

#93 Penseli Butu
Nimeamua kuifunga hiyo kwa leo. Nimefungua ya 38. 1 Kulia: "Kila mtu ana yake" (4). Hii angalau ni nyepesi.

#94 Herufi Moja
HALI.

#95 Bi Mraba
SIRI.

#96 Kiwiko Mezani
NJIA.

#97 Bila Kifutio
DENI.

#98 Mwalimu wa Ngeli
Deni ni "lake". Hizo nyingine tatu zinapita.

#99 Penseli Butu
Nazima simu.